Tulipika pilau na mtori Tandika kuchangia wodi ya wazazi: hesabu yote, na pale tulipoharibu

MamaUpawa (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Humu huwa napita kusoma tu. Leo kikoba kimenituma niandike, maana mtaani maneno yamezidi: mara tumekula hela, mara tumepata milioni ishirini tumezificha. Naweka kila kitu hapa, anayetaka kuhesabu ahesabu.

Sisi ni mama lishe 14 wa Tandika. Wengine tunapika sokoni, wengine pembeni ya stendi ya daladala. Mwaka jana mwenzetu alijifungua njiti wa gramu 1,200, akakaa wodini wiki tano. Tukawa tunampelekea chakula kwa zamu, na hapo ndipo macho yalipotufunguka. Ukiingia wodi ya wazazi saa saba mchana umeshika hotpoti, wazazi sita wanakutazama mkono, hawakutazami uso. Wengine ndugu zao wako mbali, wengine mume yuko kibaruani hana ruhusa ya kutoka. Siku ya tatu tukaanza kubeba hotpoti mbili.

Kwenye kikao cha kikoba mmoja wetu akauliza: harusi ya binti wa jirani tulitoa elfu hamsini hamsini na kamati ikakaa vikao tisa, hawa hatuwezi kuwapikia siku moja tukauza? Ndivyo ilivyoanza. Hakuna mfadhili, hakuna mtu wa ofisini.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kufunga orodha ya zawadi kabla ya kuuliza. Tuliandika khanga, sabuni, nguo za watoto, keki kubwa, na kila kitu kifungwe utepe. Tukaenda nayo kwa muuguzi mfawidhi wa leba, mama wa makamo, mpole lakini hana muda wa kupoteza. Akaisoma mpaka mwisho, akaikunja akaturudishia. "Dada zangu, ni vitu vizuri. Hebu njooni huku kwanza."

Akatupeleka kwenye friji ndogo ya dawa. Ilikuwa imechomolewa. Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, ukaunguza kitu ndani. Tangu siku hiyo sindano za kuzuia damu zikawa zinatunzwa kwenye friji ya jengo la pili, ikihitajika moja mtu anakimbia. "Mama akianza kumwaga damu, huo mwendo wa kwenda na kurudi unauona kama safari ya Kibaha," alisema. Kisha chumba cha njiti. Wazazi wanne, watoto vifuani ngozi kwa ngozi, wamefungwa khanga, wamekaa kwenye viti vya plastiki vile vya msibani. Kutwa nzima na usiku. Mmoja alikuwa amesinzia kichwa kimeegemea ukuta, mkono haujamwachia mtoto.

Tulirudi kwa miguu hadi sokoni bila kusemezana. Keki tukaifuta.

Sasa mapishi. Pilau peke yake tuliona haitatosha kuleta watu. Jumamosi ya Dar usipoalikwa pilau mahali basi huna ndugu. Wazo lilitoka kwa mwenzetu Mchaga: tuuze kile anachokula mzazi. Mtori wa ndizi mshare na nyama ya mfupa kwa upande wa kwao, na sisi wa Pwani uji wa pilipili manga, ule mkali unaopasua jasho kwenye paji la uso. Pilau ikabaki mezani kwa wenye njaa ya kweli. Tiketi ya chakula cha kukaa shilingi 10,000, sahani ya kubeba 5,000, kikombe cha mtori au uji 2,000.

Wanaume ndio walionishangaza. Walianza kwa kucheka, "hiyo si ya wazazi?", baadaye foleni ya mtori ikawa yao. Kila mmoja anadai anamwonjea mkewe. Kuna baba mmoja alimwonjea mkewe vikombe vinne.

Pilau ilituchezea. Kilo 70 kwenye sufuria nne za kuazima, kuni nusu mbichi, moshi mpaka kwa mjumbe. Sufuria ya tatu ikashika chini. Binti mmoja akakimbilia mwiko ageuze, mkubwa wetu wa jikoni akapiga ukelele: "Asiiguse mtu!" Ukigeuza, harufu ya kuungua inapanda juu, sufuria nzima imekwenda. Akaondoa makaa ya kwenye mfuniko, sufuria ikaepuliwa na kukalishwa juu ya magunia yaliyoloweshwa, ikaachwa kama robo saa. Tukapakua kutoka juu kwa sahani, chini tukaacha ukoko mnene kama kandambili. Ukoko ule watoto wa mtaa waliugombania kuliko nyama.

Haya, hela.

Walioingia kwa tiketi ni 312, sawa na 3,120,000. Sahani za kubeba 140, ni 700,000. Vikombe 265, ni 530,000. Waliotuma kwa simu bila kula walitoa 1,180,000. Halafu kulikuwa na ahadi. Watu walisimama, wakashika kipaza sauti, wakapigiwa vigelegele, jumla ya ahadi ikafika 3,400,000. Mpaka leo zimeingia 650,000. Kuna mgeni wetu wa heshima mmoja, simtaji, aliahidi milioni mbili peke yake. Simu anapokea vizuri kabisa. "Kesho mama." Zimepita kesho 41.

Kwa hiyo mkononi tumepata 6,180,000.

Tumetumia 2,520,000. Mchele kilo 70 kwa 3,000, ni 210,000. Nyama ya pilau kilo 60 kwa 11,000, ni 660,000, na ya mtori kilo 15, ni 165,000. Mikungu tisa ya mshare 180,000. Viungo, vitunguu, viazi, mafuta na mboga za kachumbari 340,000. Kuni na mkaa 130,000. Turubai, viti na meza 350,000. Spika 150,000, na hii bado inaniuma. Sahani za kubeba, maji na sabuni 215,000. Nauli 120,000. Wapishi hatukujilipa.

Ikabaki 3,660,000. Mganga mfawidhi alitaka kila kifaa kipokelewe kwenye leja na kusainiwa, tukakubali mbiombio, ndiyo kinga yetu hiyo. Friji ilitengenezwa na kuwekewa kilinda umeme, 480,000. Mashine nne za kupimia presha 600,000. Mifuko minne ya kumpulizia hewa mtoto asiyelia akizaliwa 360,000. Vipimajoto kumi 150,000. Vitambaa 60 vya kumfunga njiti kifuani 360,000. Glavu, gozi na plastiki za kutandika 610,000. Viti vinne vya kuegemea, vya mbao na godoro, tulichongesha Keko kwa 680,000. Ikabaki 420,000. Muuguzi akasema hela hiyo tumshonee mapazia ya kutenganisha vitanda.

Risiti zote ziko kwa katibu na nakala iko kwa mtendaji wa mtaa. Ulizeni.

---

KitiChaMbele

Nimeshakaa. Ila mleta uzi umetuonea, uzi wote huu hakuna picha ya ukoko.

---

MlipaKodi_Temeke

Hongereni kwa moyo, ila mimi nipo upande wa pili. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema wajawazito na watoto chini ya miaka mitano wanatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Bure maana yake glavu zipo. Mkinunua glavu mnamfundisha mwenye wajibu kwamba asipoleta, mama lishe wataleta. Mwakani bajeti ikikatwa msishangae.

---

MamaUpawa

@MlipaKodi_Temeke kaka yangu, hoja yako ina miguu. Hata kwenye kikao ilitolewa, tena kwa ukali kuliko wewe. Tulichofanya ni kuandika barua kwa kamati ya usimamizi ya kituo kwamba glavu na gozi tumetoa mara moja tu, hatutarudia, na tumeomba kujua zilizoagizwa Bohari ya Dawa zimeishia wapi. Majibu hayajaja. Lakini yule aliyekuwa anajifungua Alhamisi ile hakuweza kusubiri majibu ya barua.

---

Babu_wa_Mtoni

Mlipa kodi sema usikike, ila umeshawahi kuwa nje ya leba saa tisa usiku na karatasi mkononi imeandikwa kamba ya kitovu, wembe, glavu jozi nne, pamba? Duka la dawa lililo wazi ni moja na wembe umepanda bei. Sera niliikumbuka vizuri sana usiku ule. Haikunisaidia kitu.

---

MkungaMstaafu

Nimefanya kazi leba miaka 29, nimestaafu. Nimeusoma uzi huu mara mbili, nina machache.

Huyo muuguzi mfawidhi anaijua kazi yake. Watu wengi wakija kuchangia wanaleta vitu vya mtoto kuvaa, na mtoto kweli anahitaji kuvaa, ila kinachoua mama haraka ni damu. Oksitosin ndiyo sindano ya kwanza, kila mzazi huchomwa mtoto anapotoka ili mfuko wa uzazi ujikaze. Inataka kukaa nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto la Dar inapoteza nguvu huku chupa inaonekana vilevile, rangi vilevile. Unachoma, unasubiri tumbo likaze, halikazi, unadhani mama ana tatizo kumbe dawa imeshalala. Hiyo friji ya 480,000 mimi ningeiweka ya kwanza kwenye orodha na kuiandika kwa herufi kubwa.

Hizo plastiki za kutandika pia msizidharau. Zamani tulikuwa tunakadiria damu kwa macho: shuka limelowa, sakafuni kuna dimbwi, unasema kama mililita mia tatu. Karibu kila mara tulikadiria pungufu. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa E-MOTIVE, uliofanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania. Waliweka chini ya mama plastiki yenye mfuko na mistari ya kipimo, ikifika kiwango cha hatari hawasubiri: wanasugua tumbo, oksitosin, dawa ya kugandisha damu, dripu, na kumchunguza inakotoka, vyote kwa mkupuo. Damu kupita kiasi na madhara yake makubwa vikapungua kwa asilimia 60. Kwa kipande cha plastiki na nidhamu. Mkipika tena ulizeni kama wanazo zenye vipimo, hizi za kutandika tu ni nusu ya kazi.

Na presha: mashine zenu nne zipimwe mara kwa mara. Kifafa cha mimba kinaanzia kwenye namba ambayo mtu hakuipima au aliipima kwa mashine mbovu.

Mama lishe, kuna kitu kimoja cha jikoni. Mjamzito na mzazi anayenyonyesha, chai ya rangi msimpe pamoja na chakula. Inazuia mwili usinyonye madini ya chuma. Mpeni juisi ya ukwaju au kipande cha chungwa kando ya kisamvu na dagaa wake, chai ije baadaye.

---

MamaUpawa

Mama shikamoo. Hilo la mashine za presha umegusa donda. Nne za kwanza tulinunua duka moja Kariakoo, muuzaji mdomo asali. Muuguzi akazijaribu kwa mtu yuleyule mara tatu, mbili zikatoa majibu ya watu watatu tofauti. Kurudisha ilituchukua siku mbili na matusi kidogo. Hela hatukupoteza, ila tumejifunza: usinunue kifaa cha hospitali bila kwenda na mtu wa hospitali. Sisi nyanya mbovu tunaitambua kwa kidole, hiki hatukijui.

La chai limeniacha mdomo wazi. Miaka yote nampa mteja mjamzito wali maharage na chai ya rangi ya offa.

---

TakwimuHazilali

Naongeza namba, maana mara nyingi michango ya namna hii inakwenda pale hadithi ilipo na inapita pembeni ya tatizo.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulikadiria vifo vya wazazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaleta 104. Wanaojifungulia vituoni walikuwa asilimia 63, wakafika 81. Mtu anaweza kubishana na ukubwa wa mteremko huo, makadirio ya namna hii yana upana wake, lakini mwelekeo haubishaniwi.

Sasa angalieni wachanga. Wanaokufa ndani ya siku 28 za kwanza walikuwa 25 kwa kila 1,000, mwaka 2022 wakawa 24. Karibu palepale. Mama anafika kituoni, anajifungua, anapona. Mtoto, hasa njiti, bado anatuponyoka. Kwa hiyo viti vya Keko na vitambaa vya kifuani, vitu ambavyo havina mvuto wa kupiga picha, vimeangukia penyewe.

Kangaruu, yaani huko kumweka njiti kifuani ngozi kwa ngozi, nayo watu wanaidharau kama tiba ya maskini ambao hawana mashine za kumtunzia mtoto joto. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa kweli kwa sababu mashine hazikutosha. Lakini Shirika la Afya Duniani lilisimamia jaribio katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, likatolewa 2021: watoto wa kilo 1 hadi 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie kwanza, vifo vilipungua kwa asilimia 25 kuliko wale waliowekwa kwenye mashine kwanza. Tatizo lake ni moja: inataka kifua cha mtu kwa saa nyingi mno kila siku. Mwenye kifua akikalishwa kiti cha msibani atachoka, na akichoka mtoto anashushwa.

---

KitiChaMbele

Mkuu umeandika "mwenye kifua". Ina maana hata baba anaweza?

---

MkungaMstaafu

Anaweza, na bibi pia, na shangazi. Joto ni joto. Nimewahi kuwa na baba mmoja wa Yombo, fundi gereji, mikono imejaa grisi isiyotoka, akakaa na pacha mmoja kifuani wakati mama ana mwingine. Alikuwa anamnong'oneza habari za mpira, na mwanangu, alikuwa shabiki wa timu inayofungwa.

---

Mhasibu_Asiyelipwa

Nisiwe mtu wa kuharibu shughuli, lakini kazi ni kazi. Matumizi 2,520,000 juu ya mapato 6,180,000 ni karibu shilingi 41 katika kila 100 zilizoliwa na shughuli yenyewe. Ni nyingi. Viti, turubai na spika peke yake nusu milioni. Waliotuma kwa simu walileta 1,180,000 kwa gharama ya sifuri. Swali: kwa nini tusichange tu kwa simu, tuache kupika?

---

MamaUpawa

@Mhasibu_Asiyelipwa hili nimelilalia siku tatu. Majibu yangu ni mawili na la pili ndilo ninaloliamini.

La kwanza: spika kweli tumeibiwa na mazoea. Mtu anaamini bila spika hakuna shughuli. Spika yenyewe ndiyo iliyoleta ahadi hewa, maana mtu hawezi kunong'ona kwamba anatoa milioni mbili. Turubai lilihitajika, mvua ilinyesha saa nane. Tukirudia, viti tutaazima msikitini na kanisani, wameshatukubalia.

La pili: kabla ya siku ya mapishi tulikuwa tumetuma ujumbe wa kuchangia kwa watu wote tunaowajua kwa wiki tatu. Zilikuwa zimeingia 210,000. Siku ya kula na wiki iliyofuata ndipo ikafika hiyo 1,180,000. Mtu alikula, akamsikia muuguzi akiongea dakika nne kuhusu friji, hakuwa na kitu mfukoni, akaenda nyumbani akatuma. Nina mteja wangu mbeba mizigo wa sokoni alituma 3,000 saa sita usiku. Yule ukimtumia ujumbe wa kuchangia anaona ni matapeli.

Ila shilingi 41 zinashuka. Lengo letu ni 25. Niandikie hapa ukiona tunadanganya.

---

Mhasibu_Asiyelipwa

Nimekubali nusu. Spika nimekubali yote. Mkitaka daftari lenu likaguliwe nipo Chang'ombe, nalipwa kwa mtori.

---

Dereva_Bajaji_88

Mimi nilikuwepo, nilikula sahani mbili na nilibeba sufuria mbili kwa bajaji bure, mleta uzi hajaniandika popote, sawa.

Nachotaka kusema ni hiki. Mwaka juzi nilimbeba mama kutoka huku ndani kuelekea Mbagala, saa kumi alfajiri, damu mpaka kwenye sakafu ya bajaji. Mume hana hela, mimi mafuta robo. Tulifika, alipona. Baadaye ndipo nikaambiwa kuna namba 115, unapiga bure, ni ule mfumo wa m-mama. Wanapokea saa yoyote, wanatafuta gari la wagonjwa, likikosekana wanamtuma dereva wa kawaida aliyesajiliwa na analipwa na mfumo, si na mgonjwa. Ni kwa mjamzito mwenye dharura, aliyejifungua ndani ya siku 42, na mchanga ndani ya siku 28. Kijiweni kwetu tulikuwa watu ishirini na mbili, aliyekuwa anaijua ni mmoja.

Nashauri mwakani kwenye kila sahani ya kubeba mbandike 115. Karatasi tu. Mtu akila ataiona.

---

MamaUpawa

Bajaji samahani sana mdogo wangu, na sufuria ulizobeba ndizo nitakazoziulizia mwishoni. Karatasi ya 115 imepita, itaandikwa kwa kalamu nene.

---

O_Negative

Kuhusu damu mama mkunga ameeleza dawa, mimi nieleze damu yenyewe. Mmekusanya watu 312 sehemu moja, wameshiba, wana furaha. Mngewaita watu wa Mpango wa Taifa wa Damu Salama waje na vitanda vyao. Mtu wa miaka 18 hadi 65, kilo 50 na kuendelea, mwenye afya, anatoa mililita 450. Mwanamume anarudia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Hata kama ni watu 30 tu kati ya hao, ni chupa 30, na hakuna kiasi cha fedha kinachonunua chupa ya damu saa nane usiku ikiwa benki iko tupu. Kwenye leba ndugu wanaambiwa watoe, ndugu wenyewe mmoja ana presha na mwingine amekimbia sindano.

Tena kumbukeni, damu inatolewa ukiwa umekula. Mapishi yenu ndiyo maandalizi yenyewe.

---

MlipaKodi_Temeke

Hii nimeipenda. Damu haina bajeti ya kukatwa. Mkiita Damu Salama mimi wa kwanza kitandani, na tiketi nalipa. Msimamo wangu kuhusu glavu uko palepale.

---

Mpishi_wa_Kisutu

Mimi nimekuja kwa jambo dogo la kiufundi. Kilo 70 za mchele kwa sahani 452? Mimi napigia watu wanane kwa kilo kwenye pilau yenye nyama, hapo kilo 57 zingetosha. Kilo 13 zimekwenda wapi?

---

MamaUpawa

Ha! Nilijua mpishi atakuja. Kwanza ule ukoko, weka kama kilo nne kwa aibu yangu. Wapishi na wabeba maji tulikula, watu 30 hivi. Na sahani 40 zilipelekwa wodini kabla hatujaanza kuuza. Hizo hazikuandikwa kwenye hesabu kwa sababu hazikuuzwa, lakini ndizo zilizopakuliwa mwanzo, kutoka sufuria ambayo haikuungua.

---

Mzazi_wa_Kitanda_cha_Sita

Sijawahi kuandika humu. Nilijifungulia pale wiki mbili baada ya mapazia kuwekwa. Mtoto wa kwanza nilijifungulia palepale miaka minne nyuma, hakukuwa na kitu kati ya kitanda na kitanda. Nakumbuka nilikuwa nabana sauti kwa sababu mama wa pembeni alikuwa ananitazama, naye alikuwa anabana ya kwake kwa sababu yangu. Mpaka mkunga akatugombeza wote wawili.

Safari hii lilikuwa limevutwa. La rangi ya kijani, lina mshono mmoja umekwenda upande. Nililia kadiri nilivyotaka.

Mtoto ni wa kike, kilo 3.1, anaendelea vizuri. Uji wa pilipili manga mama mkwe ananipikia, siuwezi ule ukali.

---

MamaUpawa

Hongera sana mwanangu, Mungu amkuze. Mshono uliokwenda upande ni wangu, mimi ni mpishi si fundi cherehani. Uji ukiushindwa mwambie mama mkwe apunguze pilipili manga, aongeze hiliki na maziwa, asikasirike.

Wakuu, kikoba kimekaa jana usiku na uzi huu mbele yetu. Damu Salama tutaandikia barua wiki hii. Plastiki zenye vipimo tumeziuliza, muuguzi anazo chache, zitakuwa za kwanza kwenye orodha. Spika hapana. Ahadi za kusimama hapana, atakayetoa atoe, asiye nacho ale mtori aende.

Mheshimiwa wa milioni mbili, kama unasoma humu, namba ni ileile.

Na mwisho: sufuria kubwa mbili tulizoazima kwa Bi Mkubwa wa nyuma ya soko, moja imerudi. Ya pili ina alama ya rangi nyekundu kwenye mkono na imeungua chini, huwezi kuikosea. Aliyenayo airudishe usiku aiache mlangoni kwa mjumbe. Hatutauliza jina.